Sikio la mbwa lina kona: kwa nini harufu hurudi kila dawa inapoisha

Masika yakishakolea, simu yangu hujaa picha za masikio. Mwaka huu wa kwanza alikuwa jirani yangu mwenye mbwa wa ulinzi. Sikio lilikuwa jekundu kwa ndani, uchafu wa kahawia umeganda kwenye mikunjo, na harufu, alivyosema mwenyewe, ilimfikia kabla mbwa hajafika. Baada yake akaja binamu yangu wa Tanga na paka anayejikuna mpaka manyoya ya nyuma ya sikio yamenyonyoka. Chini ya kila picha pana swali lilelile: "Nimtilie nini?"

Majibu hayakosi. Kwenye makundi ya WhatsApp mmoja atasema siki, mwingine mafuta ya nazi yaliyokaangiwa kitunguu saumu, mwingine matone ya mtoto yaliyobaki kabatini, na wa mafuta ya taa naye hakosekani. Kila mmoja anaapa kwamba mbwa wake alipona, na inawezekana kweli alipona. Ila "ugonjwa wa masikio" ni neno kama "homa": linataja kinachoonekana, halitaji chanzo. Malaria haitibiwi kwa dawa ya taifodi, na sikio lenye utitiri haliponi kwa dawa ya fangasi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza atiliwe nini, tujue kwanza sikio lenyewe limejengwaje na akina nani wanaishi humo.

Bomba lenye elbo

Madaktari wa mifugo huligawa sikio mara tatu. Sikio la nje ni lile tunaloliona likisimama au kuning'inia kichwani, pamoja na mfereji unaoingia ndani hadi kwenye kiwambo, yaani ngozi nyembamba iliyowambwa kama ya ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna sikio la kati, chumba kidogo chenye hewa na vifupa vinavyopitisha sauti. Ndani zaidi kuna sikio la ndani, ambalo lina kazi mbili: kusikia, na kuuweka mwili kwenye mizani ili mnyama asipepesuke. Matatizo mengi huanzia sikio la nje. Yakiachwa, yanavuka kiwambo na kuingia ndani, na huko ndiko mnyama anakopoteza usikivu au kushindwa kusimama.

Mfereji wa sikio la binadamu una urefu wa sentimita 2.5 hivi na unakwenda karibu moja kwa moja. Wa mbwa unashuka kwanza chini, kisha unakata kona kuelekea kichwani, mfano wa herufi L. Fundi bomba angeutambua mara moja: ni bomba lenye elbo. Na kila mwenye sinki nyumbani anajua uchafu hukwama wapi. Maji ya kuogea yakiingia humo hayatoki kirahisi, maana njia ya kutokea ni ya kupanda. Ongeza joto la mwili wa mbwa, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Ongeza sikio lililolala juu ya tundu kama kifuniko. Kisha ongeza unyevu wa Dar es Salaam mwezi wa nne. Umepata tambara bichi ndani ya ndoo iliyofunikwa.

Kona hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini vijiti vya pamba vinadhuru. Ngozi ya mfereji huota polepole kutoka kwenye kiwambo kuelekea nje, ikibeba nta na vumbi, kama mkeka unaovutwa taratibu hadi mlangoni. Sikio lenye afya linajisafisha lenyewe. Ukiingiza kijiti, kile kilichokuwa njiani kutoka unakirudisha na kukishindilia kwenye elbo. Pamba inatoka na uchafu kidogo, unaridhika, kumbe mwingi zaidi umeusukuma pasipofika mkono wala dawa.

Sikio lenye afya kwa ndani lina rangi ya waridi hafifu, au rangi ya ngozi ya mnyama mwenyewe, halina wekundu wala joto kali, lina nta kidogo tu, na halinuki. Inafaa ulizoee likiwa hivyo ili siku likibadilika ujue. Mbwa wa ulinzi ana bahati mbaya hapa: mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa, na wenye nyumba wengi hawamshiki kabisa. Sikio lake hugunduliwa likishaanza kutoa usaha, wakati mbwa mwenyewe alishasema kwa wiki kadhaa. Alisema kwa kutikisa kichwa mara kwa mara, kwa kujikuna huku akiguna, kwa kuburuza upande mmoja wa kichwa sakafuni, kwa kurudi nyuma alipopapaswa. Paka yeye husema kwa sauti ya chini zaidi. Hujificha, hukataa kushikwa kichwa, na mara nyingi alama pekee ni vidonda vya kucha nyuma ya sikio.

Waliomo ndani

Wapo wanaoingia kutoka nje na wapo waliokuwamo siku zote. Tofauti hii ndiyo inayowachanganya watu wengi, na naomba nikae nayo kidogo.

Anayetoka nje anayejulikana zaidi ni utitiri wa masikio. Ni wadudu wadogo mno, vidoti vyeupe ambavyo macho makali huweza kuviona vikitembea ukipangusa uchafu wa sikio na kuuweka juu ya kitambaa cheusi. Hawachimbi ngozi. Wanaishi juu yake, wanakula magamba na majimaji yake, na wanawasha vibaya sana. Uchafu wao ni mweusi na mkavu, unafanana na mashapo ya kahawa yanayobaki chini ya kikombe. Huambukizana kwa kulala pamoja, kutoka paka kwa paka na kutoka paka kwa mbwa. Binadamu ni nadra kusumbuliwa nao, na hata wakimpanda hawadumu. Yai lake huchukua kama wiki tatu kuwa mdudu mzima, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanatibu siku tano, uchafu unapungua, wanaacha, mayai yaliyobaki yanaanguliwa, mchezo unaanza upya. Wanakosea pia kumtibu paka mmoja wakati wenzake watatu wanalala naye kwenye gunia moja.

Kupe nao hupenda sikio, kwa sababu ngozi ni nyembamba na mbwa hafiki kuwang'oa. Mng'oe kupe kwa kibanio, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kumminya. Kumchoma kwa kiberiti au kumpaka oili chafu kunamuumiza mbwa, na hakuna faida inayopatikana. Kupe pia hueneza maradhi ya damu kwa mbwa, kwa hiyo mbwa mwenye kupe masikioni ambaye pia hali chakula, ana homa au ufizi wake umepauka, tatizo lake limeshapita sikio.

Halafu kuna mbegu za nyasi, zile zenye vijimkia vinavyoganda kwenye suruali ukikatiza porini. Ikiingia sikioni inasonga mbele tu, haijui kurudi. Mbwa aliyetoka kuzurura kwenye majani akaanza ghafla kutikisa kichwa kama mwendawazimu, kichwa kimeinama upande mmoja, mtafutie mtu mwenye kifaa cha kumulikia sikio siku hiyohiyo.

Hao ni wageni. Wenyeji ni fangasi wa jamii ya hamira na bakteria wa ngozi. Wote hupatikana kwa idadi ndogo kwenye sikio lenye afya, na hawana ubaya. Hali ya hewa ya mfereji ikibadilika, ngozi ikavimba, nta ikaongezeka, unyevu ukakaa, wanazaliana kupita kiasi. Fangasi hutoa uchafu wa kahawia wenye mafuta na harufu ya kuchacha, kama unga wa maandazi uliosahauliwa usiku kucha. Bakteria mara nyingi huleta usaha wa manjano au kijani, harufu ya kuoza na maumivu makali. Hata hivyo rangi na harufu ni dokezo tu, hazitoshi kukupa jibu. Daktari hupaka uchafu kidogo kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini, kazi ya dakika chache, na hapo ndipo anajua achague dawa gani. Ukipewa matone bila mtu kutazama ndani ya sikio wala kuchukua huo uchafu, una haki ya kuuliza kwa nini.

Sasa, kama fangasi na bakteria walikuwamo siku zote, nani aliyewafungulia mlango? Mara nyingi sana kwa mbwa, ni mzio, au aleji kama wengi tunavyoiita. Mzio ni mwili kupigana na kitu kisicho adui: chavua, vumbi la ndani, mate ya kiroboto, au aina fulani ya nyama kwenye chakula. Binadamu hupiga chafya. Mbwa huwashwa ngozi, na mfereji wa sikio ni ngozi iliyokunjwa kuingia ndani. Ndiyo maana, jirani yangu aliponitumia ile picha, sikumuuliza habari za sikio. Nilimuuliza kama mbwa analamba miguu. Akashangaa nimejuaje. Manyoya meupe katikati ya vidole yalikuwa yameshageuka rangi ya kutu kwa mate. Kwapa na tumbo vilikuwa vyekundu. Masikio yote mawili yalikuwa mabaya, na yamekuwa yakipona na kurudi kwa miaka miwili.

Hilo la masikio yote mawili lishike, litakusaidia. Likiwa sikio moja tu, fikiria kwanza kitu kilichoingia, au uvimbe unaoota ndani. Yakiwa yote mawili, fikiria utitiri, hasa kwa paka na watoto wa mbwa, au mzio kwa mbwa mkubwa. Si kanuni isiyovunjika, lakini inakuelekeza pa kuanzia.

Watu hunukuu "sikio la kufa halisikii dawa" wakiwa wamekata tamaa na mbwa wa namna hii. Sikubaliani nao. Sikio lile lilikuwa linasikia dawa vizuri kabisa, kila mara lilipona. Kilichokuwa hakijaguswa ni mzio wenyewe. Ni sawa na kuua nzi jikoni kutwa huku jaa la nyuma ya nyumba likiwa wazi. Kwa mbwa huyu kazi ya kweli ilikuwa kuzuia viroboto mwaka mzima na kujaribu chakula kipya: nyama ya aina ambayo hajawahi kula, kwa wiki 8 hivi, bila kipande kimoja cha kingine chochote. Mbwa aliyekulia ugali na dagaa huweza kujaribiwa kwa mbuzi au sungura, kwa mpango wa daktari. Ugumu wenyewe hauko kwa mbwa. Uko kwa watoto wanaomrushia mkate na mlinzi anayemmegea chapati, maana kipande kimoja kinaweza kuharibu jaribio zima.

Paka ana kesi yake

Paka si mbwa mdogo, na hili si suala la tabia tu. Ini lake halina uwezo wa kuvunjavunja kemikali kadhaa ambazo mbwa na binadamu wanazimudu. Permethrin, iliyomo kwenye dawa nyingi za kupe na viroboto vya mbwa, humtetemesha paka, humtoa mate, humtia degedege na huweza kumuua. Amitraz, dawa ya josho la ng'ombe, nayo ni hatari kwake. Kidonge kimoja cha paracetamol cha miligramu 500, ambacho mtu humpa kwa huruma akiona paka wake anaumwa sikio, kinatosha kumuua. Soma kibandiko. Kama kimeandikwa ni cha mbwa, usimpake paka, hata kwa kupunguza kipimo. Na mbwa naye asipewe diclofenac wala ibuprofen za nyumbani, zinamuumiza tumbo na figo.

Kwa paka, uchafu mweusi masikioni mara nyingi ni utitiri kweli, na zipo dawa za matone zinazowekwa kwenye ngozi ya shingo zinazowamaliza bila kuhangaika na sikio lenyewe. Wapo wanaochoma sindano ya ivermectin ya ng'ombe. Dawa ile imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, kwa hiyo kosa dogo kwenye bomba la sindano ni kosa kubwa kwa paka wa kilo tatu. Wapo pia mbwa, hasa wa jamii ya Collie, ambao kwa urithi ivermectin huwaingia kwenye ubongo na kuwapooza.

Paka mchanga anayetoa usaha sikio moja na kukoroma akipumua anaweza kuwa na kinyama kilichoota ndani, na hicho kinaondolewa na daktari, hakiyeyushwi kwa matone.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye paka mweupe wa pwani alijue ni saratani ya ncha za masikio. Ngozi yao haina rangi ya kuwakinga na jua, na ncha za masikio zina manyoya machache. Huanza kama wekundu, kisha gamba dogo linalofanana na mkwaruzo wa kupigana. Linadondoka, linarudi, haliponi. Wiki zinapita, ukingo wa sikio unaanza kuliwa. Ikigunduliwa mapema, daktari hukata sehemu ile na paka huishi maisha yake. Ikichelewa, husambaa. Jitahidi paka mweupe asiote jua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na kidonda chochote cha ncha ya sikio kisichopona kionyeshwe kwa daktari.

Usichanganye hilo na paka wa mtaani mwenye ncha ya sikio iliyokatwa kwa mstari ulionyooka. Sehemu nyingi duniani hiyo ni alama ya makusudi kwamba paka ameshafungwa kizazi, na hukatwa akiwa usingizini kwa dawa.

Visivyofaa kuingia sikioni

Mafuta ya taa huunguza ngozi, basi. Siki, ndimu na spiriti kwenye ngozi iliyochubuka ni kama pilipili kwenye kidonda, na mbwa aliyetendewa hivyo mara moja hatakuruhusu tena kushika kichwa chake. Matone ya binadamu yana hatari isiyoonekana: kama kiwambo kimetoboka, baadhi ya dawa, gentamicin ikiwa mojawapo, zikipenya hadi sikio la ndani zinaweza kumfanya mnyama kiziwi. Hatari hiyo hiyo iko kwenye maji ya dawa ya kusafishia vidonda. Ndiyo sababu daktari hutaka kuchungulia kiwambo kwanza.

Wapo pia wanaokata masikio ya mbwa kwa kisu wakiamini atakuwa mkali au atasikia vizuri. Usikivu uko ndani ya kichwa, na ukali hauko sikioni kabisa. Kinachopatikana ni maumivu, kidonda, na nzi. Nzi wenyewe ni tatizo la kutosha: hung'ata ncha za masikio yaliyosimama, hasa ya German Shepherd, mpaka zinatoka damu, na kidonda kibichi hutagiwa mayai yakawa funza. Kusafisha banda na kuondoa kinyesi kila siku hupunguza nzi kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Sikio likivimba ghafla kama puto laini, hilo si jipu. Mbwa ametikisa kichwa hadi mshipa mdogo umepasuka, damu imejaa kati ya ngozi na gegedu, ule mfupa laini wa sikio. Usilitoboe kwa sindano. Litajaa tena, na safari hii na vijidudu. Daktari huitoa damu na mara nyingine hushona, kisha hutafuta kilichokuwa kinamfanya atikise kichwa. Likiachwa hupona lenyewe, lakini hubaki limekunjamana.

Kusafisha kwenyewe si kazi ngumu. Tumia maji maalumu ya kusafishia masikio ya wanyama kutoka duka la dawa za mifugo, na tumia tu kama sikio haliumi sana na halitoi usaha. Inua sikio, mimina mpaka mfereji ujae, kisha sugua taratibu chini ya sikio kwa nusu dakika. Utasikia mlio wa chubwichubwi, huo ndio ushahidi kwamba maji yamefika kwenye elbo. Achia mbwa atikise kichwa, na simama mbali. Pangusa kilichotoka kwa pamba iliyozungushwa kwenye kidole, na usipite pale kidole chako kinapokomea. Mbwa asiye na tatizo hahitaji hili kila wiki. Baada ya kuogeshwa au kuogelea baharini panatosha.

Kuna hali ambazo hazingoji asubuhi. Kichwa kikilala upande mmoja, mnyama akazunguka duara, akaanguka, macho yakachezacheza, au upande mmoja wa uso ukalegea, tatizo limefika ndani. Na hapa naomba uangalifu mkubwa: mbwa asiyechanjwa aliyebadilika tabia, anayepepesuka, kudondosha mate au kung'ata bila sababu, usimfungue mdomo wala kuchungulia sikio lake. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mfungie mahali salama, waite wataalamu wa mifugo, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Mbwa wa jirani alikutwa na fangasi masikio yote mawili, kiwambo kikiwa kizima. Alitiwa dawa kwa wiki tatu, hata baada ya harufu kuisha siku ya sita na jirani kutaka kuacha. Sasa yuko wiki ya tano ya nyama ya mbuzi na viazi, mlinzi ameshakubali kula chapati zake ndani ya kibanda, na jana jioni nilitumiwa picha ya mguu wa mbele: katikati ya vidole manyoya mapya yameanza kuota meupe.